Mwambie Baba Yako: Maisha ya Mzee Jasper Ekeno Lochoro, 1930–1987

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Burat, na nyinyi mliosafiri siku mbili kutoka Korbesa: habari zenu, na salaam aleikum. Mimi ni Nakuam, binti wa marehemu. Kamati imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, walisema, nimezoea kusema maneno ya watu wengine. Ni kweli, na nimechoka.

Mzee Jasper Ekeno Lochoro alizaliwa mwaka wa 1930 karibu na Lodwar, mtoto wa tatu wa Mzee Lochoro. Mwezi hakuna aliyeuandika. Alifika Isiolo mwaka wa 1947 akimfuata mjomba wake. Shule ya mchana hakuiona. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima kanisani, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1952.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya mifugo, akachanja ng'ombe hapa Isiolo hadi alipostaafu mwaka wa 1985. Akimwona ng'ombe mara moja hamsahau, hata baada ya miaka mitatu atakuambia ni wa nani. Kazini ndipo alipopata rafiki wa maisha, Mzee Golicha wa Korbesa, ambaye ameketi nasi leo.

Alifunga ndoa na mama yetu, Nakiru, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1960. Walijaliwa watoto wawili: kaka yangu Lowoi, mwaka wa 1964, na mimi, mwaka wa 1967.

Machi 1974 ukame ulikuwa mkali. Mama alikuwa Maralal akimuuguza dada yake. Baba alimchukua Lowoi, mwenye miaka kumi, akampeleka kwa Mzee Golicha ili apate maziwa, wala hakumngoja mama. Mama aliporudi alihesabu watoto, na hesabu haikuchukua muda.

"Lowoi iko Korbesa," Baba akasema. "Huko kuna maziwa."

Mama akatua mzigo wake, akanitazama mimi. "Nakuam, mwambie baba yako mtoto si ndama."

Baba alikuwa amesimama mbele yake. Nikamwambia.

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Meza ilikuwa moja, tena ndogo. Jina langu liliitwa kutwa, lakini maneno hayakuwa yangu. Hakuna aliyeniuliza kama mimi nimeshiba, wala kama ninamlilia Lowoi. Nilimlilia sana, nyuma ya zizi la mbuzi, ambako sikuitwa.

Siku moja nikaongeza ya kwangu. "Baba, mama anasema leo chai ni ya maziwa kwa sababu umechoka." "Mama yako hakusema hivyo," akajibu. Lakini aliinywa yote, akainamisha kikombe hadi tone la mwisho.

Lowoi alikuja nyumbani mwaka wa 1980, mrefu, Kiborana kikimtoka vizuri kuliko lugha yetu. Akakaa wiki moja, akarudi Korbesa kwa ngamia wake. Nilidhani kimya kitaisha, kumbe kilikuwa kimeshazoea nyumba. Mwaka uliofuata nilikwenda shule ya bweni Meru, na niliporudi likizo jirani yetu Mama Halimo akaniita kando. "Wallahi, Nakuam, sasa hao wazee maneno yao wanamtuma paka." Nilicheka, halafu nikalia. Hata paka hakuulizwa kama anaitaka kazi hiyo.

Kifua kilimshika Baba Februari mwaka huu. Alilazwa mara tatu. Tarehe 12 Novemba, mama akiwa kwenye benchi karibu na kitanda, Baba aliniita. "Nakuam, mwambie mama yako, ile siku ya Lowoi ilifaa nimuulize kwanza."

Nikamwambia. Mama alishika ukingo wa blanketi, asimtazame. "Mwambie nimesikia."

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 14 Novemba 1987, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Nakiru, mwanawe Lowoi na mkewe Dokata, mimi bintiye, na wajukuu wawili, Tiya na Ibrae, ambao babu yao aliwasemesha moja kwa moja, na nilikuwa nikiwaonea wivu.

Juzi, kabla karatasi hii haijapelekwa kupigwa chapa, mama aliniita. "Nakuam, siku ya kusoma, mwambie baba yako..." Nikamkatiza, mara ya kwanza maishani mwangu.

Mama, hayo sikuyaandika. Kutoka kiti chako hadi hapa kaburini ni hatua tatu. Kabla udongo haujarudishwa, sisi wote tutanyamaza, na utamwambia mwenyewe.

Mungu ampe Baba pumziko lenye amani. Na mdomo wangu nao upumzike.