Mama Vichupa, Aliyeusaka Moshi Ndani ya Damu

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Mama Vichupa kwa vichupa vya damu alivyobeba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Siku moja mwalimu wa zamu alimtoa mstarini kwa sababu ya kola nyeusi. "Wewe hujui kufua?" Akajibu, "Mimi nafua, mwalimu. Kiwanda ndicho kinachochafua." Alichapwa. Mwaka 1984 alihitimu stashahada ya maabara, akaajiriwa hospitalini.

Tarehe 5 Septemba 1987 aliolewa na fundi saa. Mumewe alizoea kufungua saa za wateja na kukuta masizi ndani, kisha kumwita mkewe aone. "Funika, bwana, nitatapika," mkewe alikuwa akisema. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2009 alijiunga na watafiti wa chuo kikuu. Kwa miaka minne alichukua damu ya wajawazito 212, nusu wa mtaani kwake, nusu wa upande usikofika moshi. Kila mmoja alivaa kipimo cha hewa begani kwa siku mbili. Kichujio cha kipimo hicho kilichoingia cheupe kilitoka kama sufuria iliyoungua. Mtoto alipozaliwa, Mama Vichupa alichukua damu ya kitovu.

"Kwa hiyo jeni za mwanangu zimeharibika?" mzazi mmoja alimuuliza.

"Hapana, mwanangu. Jeni ni zilezile. Juu yake kuna vialama vya kikemikali vinavyoiambia jeni hii ifanye kazi, ile inyamaze. Moshi umevigusa hivyo. Vingine huenda vikarudi. Atakuwaje baadaye, bado hatujui, na sitakudanganya."

Mwaka 2013 ofisa wa kiwanda alimwita nyumbani kwake, akamsihi vipimo vya hewa vitundikwe bustanini hapo badala ya mabegani mwa wajawazito. "Hewa ya huku ni nzuri, mama."

"Ndiyo maana umejijengea huku."

Aliiacha soda yake bila kuigusa. Alieleza baadaye kwamba bwana yule, alipomrudisha mtaani, alikuwa akimhakikishia moshi hauna neno huku amejiziba pua kwa leso, na kwamba maishani mwake hajawahi kuona uchafu mkubwa kuliko ule.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kiwanda kikaweka mtambo wa kuchuja moshi, kikawa kinauwasha siku za ukaguzi tu. Kinyaa cha hila hiyo hakikumtoka.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019. "Unavuta?" daktari aliuliza. "Navuta hewa tu, baba." Alitema makohozi meusi, akayatazama, akaagiza yapelekwe maabara. Madaktari hawakuthibitisha kuwa ni moshi. Naye alisisitiza waandike hivyo hivyo, kwa kuwa hakutaka kusemewa lisilopimwa. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, bintiye akiwa amemshika mkono.

Asubuhi ya leo, siku ya mazishi, kiwanda kimeleta shada la maua. Mumewe amelipokea mlangoni, akapangusa ua moja kwa kidole, akamwonyesha dereva kidole hicho cheusi, akamrudishia shada.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, dada mmoja, na mjukuu wa kike wa miaka kumi na mmoja, ambaye damu ya kitovu chake ni sampuli namba 187. Wenzake wa maabara wanaendelea kumpima.

Mama, pumzika kwa amani. Sisi bado tunavuta.