Figo Inaugua, Moyo Unaitwa

Kwenye kona yetu ya mtaa wa Kyeshero, ambako mama Rosine huuza kahawa, benchi lilijaa mapema. Namegabe, ambaye figo zake zimechoka miaka mingi, alikuwa amevaa koti lake la misa. Watafiti walikuwa wamemwomba akubali kupimwa moyo, ili waelewe kwa nini wagonjwa wa figo huugua moyo zaidi kuliko watu wengine. Gari lao lilikuwa njiani, naye alikuwa bado hajaamua.

— Naogopa, alisema. Nitaenda na ugonjwa moja, nirudi na mbili.

— Ni mécanique tu, papa, alisema Gauthier, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, tunayemwita Enjenia. Figo ni filtre, inachuja. Filtre ikijaa, moteur, injini ya moyo, inakunywa uchafu.

— Chukudu iko na moteur tangu lini? aliuliza Rosine.

— Usipoziba ufa, utajenga ukuta, mama! Ndiyo mishipa yake inajenga ukuta.

Benny, anayeitwa Radio kwa kuwa hazimiki, alitikisa kichwa.

— Hapana. Ni kama volkano ya Nyiragongo. Maji ikikosa njia, joto inapanda, moyo unawaka. Aweke miguu ndani ya ziwa kila asubui.

— Moyo na figo ni mapacha, alisema Rosine. Moja akilia, mwingine analia. Tuimbie figo, moyo utanyamaza.

— Asiyesikia la mukubwa huvunjika mguu! alionya Radio.

— Mguu tena? Mimi nilikuja na figo! alisema Namegabe.

Tulicheka. Namegabe naye alicheka, kisha akakohoa mpaka Rosine akamshikia kikombe.

Gari likasimama. Akashuka Clarisse, msichana wa timu ya watafiti.

— Docteur, sababu ni nini? alidakia Enjenia.

— Zingine tunajua: tension, presha ya damu, inapanda, mishipa inakuwa migumu. Lakini hazielezi yote. Ndiyo tunatafuta.

— Kumbe hata nyinyi hamujui!

— Hatujui yote, papa. Na nyinyi munaikala naye kila siku: usiku analala namna gani?

Enjenia alimtazama Radio. Radio alitazama kahawa yake.

— Nalala nikiikala, mugongo kwa ukuta, Namegabe alisema polepole. Nikijinyoosha, pumzi inakosa.

— Na hukutuambia? aliuliza Rosine.

— Hapa nakujaka kucheka, mama.

Namegabe aliinuka, akasema ataenda kupimwa. Enjenia alimfunga Namegabe vifungo vya koti, akamshika mkono hadi garini, kisha akapanda naye.

— Na wewe, papa, unaenda wapi? aliuliza Clarisse.

— Kusikiliza. Papa Namegabe asogee kidogo.