Deodata Nimpaye, Aliyeonja Kwanza Bustani Zote

Tarehe 31 Desemba 1980, Deodata Nimpaye anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Bustani za Shule kwa miaka kumi na tisa, katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya naye kazi nikiwa mjuzi wa mbegu wa Bugarama. Ndivyo walivyosema. Nadhani pia wanataka niyamalize maneno yangu kwenye karatasi ili siku ya sherehe ninyamaze. Jambo ambalo hawakulitaja ni kwamba Deodata ni binti yangu wa kwanza. Kwa hiyo msomaji akiona nimemsifu sana, ajue hapo nimejizuia.

Alimaliza darasa la nane wakati wasichana wengi wa kwetu hawakufika la nne. Shirika lilipotafuta mtu wa kuzungukia shule na mbegu za mboga, wanaume kadhaa waliomba, akachukuliwa yeye. Baiskeli aliyopewa ilikuwa ya kiume, na barabara ya Murusagamba wakati wa mvua mnaijua. Aliiendesha na miche ya kabichi nyuma, imefunikwa majani ya mgomba. Watu wakasema mwanamke akiendesha chuma kile hatazaa. Ana watoto watano na wote wanafanana nami.

Kazi kubwa aliyoianzisha ni hii ya wajuzi. Zamani Shirika lilikuwa linafika shuleni, linalima, linaondoka. Deodata akawaambia wakubwa wake kwamba jembe lisiingie ardhini mpaka watu watatu wa pale pale kijijini wamekaa na kusema: mmoja wa udongo, mmoja wa maji, mmoja wa mbegu. Wakubwa walikubali. Waliokataa ni sisi.

Nani aliwahi kuona ofisi inamfuata mkulima kumuuliza? Tulijua kuna kitu nyuma yake. Watu walidhani Shirika linatafuta mahali penye rutuba ili lipachukue. Kwa hiyo kule Nyakisasa wajuzi walimwonyesha mwanangu penye mawe, wakamwapia kwamba hapo ndipo maharage yanapenda. Alilima. Yaliota membamba kama manyoya tu. Msimu uliofuata alirudi, hakuwalaumu, akawauliza tena, maharage hapa vipi? Wakaona aibu kidogo, wakamsogeza karibu na bonde. Walimsogeza kidogo kidogo, kila mwaka hatua chache, na mpaka leo sina hakika kama wamemfikisha penyewe.

Ilipofika Operesheni Vijiji mambo yalizidi. Deodata alikuwa anapima matuta kwa kamba yenye mafundo. Na viwanja vya vijiji vipya vya ujamaa navyo vilipimwa kwa kamba. Basi akitokea tu, akina mama wanaingia ndani wanaanza kufunga vyungu, wakijua wanahamishwa tena. Akaitupa ile kamba. Tangu siku hiyo alipima kwa mpini wa jembe, na jembe akaliazima kwa mwenyeji.

Kuhusu kula mboga za bustani, hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kwetu mwenye nyumba akikupa pombe ya ndizi anaonja kwanza yeye, ili ujue ni salama, na ili ijulikane nani mwenye chungu. Basi kila shule aliyofika, sufuria ya kwanza ya mchicha ikiiva, wazazi wanasimama kando wanamtazama. Anaonja. Wanangoja kwanza waone kama ataanguka. Ndipo wanaruhusu watoto wale. Amefanya hivyo miaka yote kumi na tisa, hata kwa mchicha usio na chumvi.

Aliyemsumbua kuliko wote ni Bibi Nyirabahizi, mjuzi wa udongo katika kijiji kimoja cha Murusagamba. Deodata akimwamkia shikamoo, yeye huitikia marahaba huku akitazama miguu ya mgeni, kama vile anakagua imetoka wapi. Hakuwahi kula kitu cha bustani ile. Alisema, "Mtu anayeuliza sana udongo wa watu, wa kwao umemfanya nini?"

Vita vilipoanza mwaka 1978, kila mgeni akawa jasusi. Na mwanangu, fikirieni, anazunguka mipakani kwa baiskeli, anauliza maji yako wapi na bonde linaelekea wapi. Katika shule ya kijiji cha Nyirabahizi alikuwa amechimba shimo la mboji, akalijaza majani na samadi, akalifunika kwa udongo. Mboji ikikaa hupata joto. Asubuhi yenye baridi shimo likatoa moshi. Mtu akauona, akasema Deodata amefukia silaha za adui.

Habari zilinifikia Bugarama nikiwa napura maharage. Niliacha ungo palepale. Nilipofika nikamkuta ameketi stoo ya kijiji, mlangoni mgambo. Mkuu wao, Bulugu, aliniambia kwa heshima kwamba lori la wilayani likija litamchukua, na bustani zote zitafungwa. Nikamuuliza kwa nini wasilifukue hilo shimo waone. Hakuna mgambo aliyekubali kulipiga jembe, wote waliogopa litalipuka.

Hapo ndipo Nyirabahizi alipokuja na mkungu wa ndizi mbichi kichwani. Sote hapa tunavundika ndizi za pombe kwenye shimo lenye joto, tunazifunika kwa majani mpaka ziive. Akasema, "Joto la majani linaivisha ndizi. Joto la risasi litaziunguza. Tuziweke humo tuone."

"Bibi, mkono ukikatika usiseme hatukukuonya," Bulugu akamwambia.

"Mkono huu umezika waume wawili, mwanangu. Utaogopa majani?"

Akapiga magoti, akafukua juu kidogo kwa vidole, akazizika ndizi zake. Watu walikuwa wamesimama mbali, barabarani. Hata mimi nilisimama mbali, na tena nilimshuku: kwa nini yeye, ambaye hajawahi kumpenda mwanangu, ajitie leo? Niliona anataka kumaliza kazi ya kumfunga.

Siku nne tukangoja lori, tukangoja ndizi. Ndizi zikatangulia. Zilitoka za njano, zinanukia. Lakini nani atakula? Wakaanza kunong'ona kwamba labda zina sumu. Bulugu akaagiza Deodata atolewe stoo. "Mwenye shimo aonje," akasema. Ndiyo desturi, na mwanangu ameizoea, akanyoosha mkono.

Nyirabahizi akamtangulia. Akamenya, akala yote, polepole, anamtazama Bulugu.

"Bibi, nimesema mwenye shimo."

"Umeniona nimeonja. Basi lori likija, mnipandishe mimi mbele. Nyuma siwezi, kiuno kinauma."

Bulugu aliangalia ndizi, akaangalia shimo, kisha akachukua ya pili akala. Walichimba baada ya hapo, wakakuta mboji nyeusi na minyoo imenona. Deodata akasema, "Shikamoo, bibi." Siku hiyo Nyirabahizi aliitikia marahaba akimtazama usoni.

Lori lilifika likaondoka na kabichi. Bustani hazikufungwa, na zipo hata leo.

Kwa niaba ya wajuzi wote tunakushukuru, Deodata, kwa kutuuliza na kuvumilia majibu yetu. Philbert anayeshika nafasi yako anasema ana nia njema. Tutamwonyesha kwanza penye mawe.

Siku ya sherehe chakula kitatoka bustani zote, na nimesikia kamati imepanga uonje kwanza kama kawaida yako. Nimekataa. Nyirabahizi anakuja kutoka Murusagamba, nami nipo. Wewe ni mgeni wetu siku hiyo. Afya isikupungukie, migomba yako izae, na wajukuu wangu wakupumzishe. Wewe kaa kitini, mwanangu. Tutakuonjea sisi.

Mama yako, Ildefonsa
Mjuzi wa mbegu, Bugarama