Dakika Kumi na Moja za Mama Mkwe

Benchi la Bi Birika lilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, kati ya karakana ya baiskeli na duka la kunyolea. Tundu la kitasa bado lilikuwepo, na mgeni akikaa vibaya lilimfinya. Asubuhi hiyo bibi alikuwa amewamiminia kahawa wateja wake wa siku zote: Spoku, fundi wa baiskeli; Katibu, aliyestaafu ofisini lakini hajastaafu kufungua vikao; na Wembe, kinyozi wa miaka hamsini na miwili, aliyekuwa na kofia ya baiskeli kichwani na matope hadi magotini. Wembe hakunywa. Aliikodolea macho simu kama mtu aliyepewa majibu ya maabara. Jumapili kulikuwa na mashindano ya baiskeli za mlimani, na waandaaji walitaka kila mshiriki aonyeshe, kwa programu ya simu, kwamba amepanda kilima chini ya dakika hamsini. Mwisho wa kuonyesha ulikuwa leo saa sita mchana, na miguu ya Wembe ilikuwa na safari moja tu kwa siku, na ya leo alikuwa ameshaimaliza.

— Hamsini na tisa, alisema Wembe. Imeniandikia hamsini na tisa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Katibu.

— Hiyo ni ya mwenye kuweka akiba, Bi Birika alimkata. Mwenzio kazidisha.

— Si ndiyo kaweka akiba ya dakika tisa?

— Ulisimama wapi? aliuliza Spoku.

— Kona ya tatu. Nimekutana na mama mkwe anashuka na jembe. Ningefanyaje, nimpungie mkono kama nafukuza nzi?

— Ukashuka.

— Nikashuka, nikalaza baiskeli, nikavua kofia, nikainama. Akaniuliza hali ya mwanawe, ya wajukuu, ya mgongo wangu. Tukafika kwa mbuzi aliyeteguka mguu. Dakika kumi na moja! Nilichungulia kwa jicho la pembeni.

Bi Birika alipiga hesabu kichwani. Hamsini na tisa toa kumi na moja, arobaini na nane. Mtu kafuzu, kaponzwa na adabu.

— Si uiambie simu ulikuwa kwa mkweo?

— Haina pa kuandika mkwe, bibi. Ina pa kuandika mapigo ya moyo. Na hebu ona, imenichora nimekatiza bwawani. Mimi! Hata kuogelea sijui.

— Setilaiti hiyo, alisema Spoku. Iko juu kule peke yake, inatazama watu wa dunia nzima. Ikipepesa jicho tu, wewe uko majini.

— Haipepesi, inabagua, alisema Katibu. Simu ya Wembe ina ufa kwenye kioo. Setilaiti imeona ufa, imedhani mto.

— Au kilima kimerefuka, alisema Spoku.

— Kilima kirefuke?

— Kwani zamani si tulikipanda kwa dakika thelathini na kitu? Baiskeli zenyewe gia moja, za kupelekea mikate. Leo mtu ana gia ishirini na moja, anafika ulimi nje. Kimekua kile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Kilichokua ni tumbo lako, alisema Bi Birika.

— Enzi za marehemu hili lisingetokea, alisema Wembe taratibu.

Marehemu alikuwa mume wa Bi Birika. Miaka saba ya mashindano ya zamani alisimama kileleni na saa ya mkononi na filimbi, na kila aliyefika alimpulizia, kisha akamuuliza kabla hajapumua: umekutana na nani njiani? Muda wa salamu aliukata. Mkwe, dakika kumi. Mzee yeyote, tatu. Jirani, moja, maana jirani mmeonana jana.

— Mwaka mmoja Spoku alikutana na mama wakwe watatu, alisema bibi.

— Nilikuwa nachumbia sana.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Bi Birika alikumbuka suruali za mumewe za siku zile, udongo mwekundu usiotoka kwa mche mzima wa sabuni. Alikuwa akifua huku anasonya. Sasa hakuwa na suruali ya kufua wala wa kumsonya. Akachochea makaa.

— Simu hazikuwepo na kila kitu kilijulikana, alisema Katibu. Kumbukumbu ya mtu haiishiwi chaji.

Dada mmoja mwenye fulana ya waandaaji alikuwa amesimama kando, akitafuta ukuta wa kubandika tangazo.

— Shikamooni. Mnazungumzia yale mashindano ya zamani ya kilimani?

— Marahaba. Yenyewe.

— Aliyewahi kushinda yale anaingia moja kwa moja. Haonyeshi simu.

Spoku alimpiga Wembe mgongoni.

— Si huyu hapa! Alikuwepo mpaka mwaka ule wa mwisho, wa mvua!

— Vizuri. Nani alishinda mwaka huo?

Spoku alikumbuka mnyororo wake uliokatika. Katibu alikumbuka muuza mikate aliyeangukia miibani. Bi Birika alimkumbuka mumewe akiingia amelowa, sauti imemkauka, daftari limegeuka doa moja la wino. Alimuuliza nani kashinda, naye akamwambia. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasema "haya", akaendelea kuchambua, jina hakulishika.

— Na miaka mingine? aliuliza dada.

Wote wakamtazama Wembe. Angesema "mimi", nani angembishia? Bi Birika alijikuta anamwombea aseme.

— Mimi nilifika, alisema Wembe. Filimbi niliisikia. Kama kuna aliyeisikia kabla yangu, sijui.

— Basi niandike nini?

— Usiandike.

Akakaza kofia, akabonyeza simu ianze kuhesabu upya, akapanda baiskeli akikunja uso kwa maumivu ya magoti, akaikamata barabara ya kilimani. Wakamsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

— Ameondoka saa ngapi? aliuliza Katibu.

— Saa tatu na nusu, alisema Spoku.

— Wapi! Saa nne ilikuwa imeshapita.

— Saa nne ipi? Mwulize bibi.

Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, yakatoka mashapo ya kahawa. Muda wote alikuwa anautazama mgongo wa Wembe. Saa hakuiangalia.