Mwalimu Theodosia na Vishikwambi vya Wageni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu, tumsindikize marehemu kwa kumsema kama alivyokuwa.

Mwalimu Theodosia Ininahazwe alizaliwa tarehe 9 Mei 1977 kijijini Muyama, mtoto wa pili wa Mzee Ntirampeba, mkulima wa maharage na kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1995, akahitimu ualimu mwaka 1997, akafundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, kisha akajiendeleza hadi shahada, na mwaka 2014 akawa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko Kasulu, ambacho familia imekinyima heshima ya kutajwa.

Tarehe 4 Agosti 2001 alifunga ndoa mjini Kibondo na Bazilio Niyonzima, wakajaliwa watoto wawili, Nadine na Felisiani.

Mwaka 2021 chuo hicho kililetewa vishikwambi vyenye masomo ya kuwaandaa walimu, mkuu wa chuo akavifungia kabatini, wanachuo wakawa wanafundishwa kuvitumia kwa mchoro wa ubaoni. Marehemu alipovidai aliambiwa, "Wataviharibu kabla wageni hawajaviona." Akajibu, "Afadhali waviharibu wanachuo, mkuu, kuliko panya."

Alipochoka kubembeleza, alianza kurekodi kwa simu yake madarasa ya vijijini, ambako watoto huanza shule wakijua Kiha tu, akawaonyesha wanachuo namna mwalimu anavyowavusha taratibu hadi kwenye Kiswahili. Bwana mkubwa yule akazibeba video hizo hadi mkutanoni Dodoma, akaziita ubunifu wake, akapigiwa makofi, akarudi na cheti, kifua mbele. Marehemu alipouliza, Machi 2023 alihamishiwa shule ya msingi ya pembezoni huku Kibondo, eti kwa utovu wa nidhamu. Aliumia sana, ila hakumpigia mtu magoti, na wanachuo wake wakawa wanamfuata huku wakati wa likizo, kwa nauli zao, wajifunze kwake.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafariki dunia tarehe 17 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, na walimu wenzake wa hapa Kibondo waliopokezana kumpikia na kumwogesha. Chuo nacho kimetuma rambirambi ndefu, kikimwita nguzo ya teknolojia. Tumeipokea, haitasomwa.

Jeneza litabebwa na wanachuo wake.

Lala kwa amani, mwalimu.