Uzito wa Tela la Obed

Hapa Sumbawanga, penye njia ya kutokea Mwazye, kijiwe chetu kina benchi moja na birika la Evodia, muuza kahawa. Kila asubuhi tunajikunyata hapo kwa baridi, tunatatua matatizo ya dunia nzima huku ya kwetu yakitusubiri nyumbani. Jana Obed alisimamisha tela lake la ng'ombe mbele yetu. Alikuwa amepakia mashine ya kusaga nyuma kabisa, nira imenyanyuka, inawakaba koo maksai wake wawili. Kahawa hakutaka. Alitaka ushauri, maskini ya Mungu.

— Obed: Mashine niisogeze wapi jamani? Mwaka jana maksai wangu alivunjika shingo kule mteremkoni. Hawa wakiumia, sina cha kulimia.

Felisiani, tunayemwita Anga tangu aanze kumalizia bando kwenye video za sayansi, aliweka kikombe chini.

— Anga: Umekosea swali. Kwanza, ina uzito gani?

— Obed: Si unaiona hiyo hapo?

— Anga: Uzito hauonekani ukiwa karibu, mshikaji. Kitu kizito kinapinda anga linalokizunguka. Ukitaka kuujua uzito wake wote, achana nacho. Nenda mbali, upime mpindo ukiwa huko.

Loth, yaani Bunge, kwa kuwa hajawahi kumwachia mtu nafasi ya kusema, alidakia.

— Bunge: Mbali wapi? Chala?

— Anga: Mbali kusikokuwa na mwisho.

— Bunge: Ndiyo maana mama mkwe yuko Kasanga na shingo inaniuma mimi huku!

Mzee Wilibrodi, Jaji wetu, alikohoa.

— Jaji: Na katikati ya huo uzito tunaipataje?

— Anga: Hukohuko mbali, shikamoo mzee. Unaangalia mpindo umeegemea wapi. Ila pande za mbali zisipolingana, katikati inaweza isipatikane kabisa.

— Jaji: Marahaba. Kama ukoo wetu. Tangu tugombanie ng'ombe wa mahari, hatuna katikati.

— Bunge: Katikati ya Ufipa yote ni benchi hili. Mbona mawingu yote yanapinda kuja hapa?

Nikadhani Obed atatutukana. Kumbe ana adabu kupita kiasi. Alianza kutembea kwenda mbali, Anga anamhimiza aongeze, mpaka akawa mdogo kama punje ya ulezi.

— Anga: Unaona mpindo?

— Obed: Nawaona nyie mmekaa!

Wakati huo akatokea Kabula, mfugaji aliyehamia juzijuzi na familia yake kutoka Shinyanga. Maksai mmoja alikuwa anatoa povu, miguu inatetemeka. Kabula alitupa fimbo, akaudandia mti wa mbele wa tela, ule unaobeba nira, kwa mikono miwili ili nira ishuke.

— Kabula: Shikamooni. Mnafanya nini hapa?

Anga akamweleza yote, kwa utaratibu, kuanzia anga mpaka mpindo. Kabula akasikiliza huku amening'inia, jasho linamtoka.

— Kabula: Sawa, nimeelewa. Uzito unajulikana ukiwa mbali nao. Sasa hawa waliofungwa nao shingoni, waende wapi?

Niliona aibu ya kweli, maana nira ile ilikuwa inashikiliwa na mtu mmoja, na wanaume wanne tulikuwa bado tumekaa.