Kijiko Mwanamume

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anatunga uzi kwenye sindano, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Binti wa chuo alikuwa akimlalamikia bibi asiyemjua: "Kijerumani naacha leo, bibi. Kijiko mwanamume, uma mwanamke, kisu si huyu wala yule! Na hii ni ngazi ya kwanza tu."

"Makubwa!" bibi akacheka. "Na nani alikufundisha kusema 'kijiko changu', 'uma wangu'?"

"Nilijua tu."

"Thubutu! Utotoni ulisema 'kijiko yangu', nyumbani wakacheka, wakakulisha. Uliacha kusema, mjukuu wangu?"



Basi likasimama kwenye lango la chuo.  Bibi alisogeza tu magoti yake pembeni, ampishe binti ashuke.